Nondo za Roshani

Kaeni, wapendwa. Leo nitasema polepole, na naomba msinisaidie kwa vigelegele wala kwa Amina, maana habari yenyewe si ya kushangilia. Mafundi mliomo humu msiniangalie vibaya. Nimechagua kazi yenu kwa sababu ndiyo kazi ambayo sisi wote tunalala juu yake na kutembea juu yake bila kujua ndani yake kuna nini.

Palikuwa na fundi mmoja wa majengo katika mji kama huu wetu, mji wa mlimani wenye ubaridi. Huyu fundi alikuwa hodari, tena alikuwa anajua kwamba ni hodari, na hilo la pili ndilo lililomletea taabu. Akipita barabarani na mgeni, hakosi kuonyesha kwa kidole: ghorofa ile nimeijenga mimi, na ile pale, na ile yenye bati jekundu. Watu walimwita Mkuu. Akaanza kuitika.

Katika mji huo alikuwapo mama mmoja, muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na sita alikuwa wodi ya wazazi. Nusu ya vijana wa mji ule walipokelewa na mikono yake walipokuja duniani, na watoto wote watatu wa fundi walikuwa miongoni mwao. Alipostaafu akaamua kujenga nyumba ya ghorofa moja, na kitu alichokitaka kuliko vyote ni roshani. Alimwambia fundi kwamba kwa miaka yote ile aliutazama mji kupitia dirisha la wodi, dirisha lenyewe lina wavu. Sasa alitaka kukaa nje, juu, na kikombe chake cha chai, aone watu wakipita.

Niwaeleze kidogo kuhusu roshani, kwa sisi ambao si mafundi. Roshani haina nguzo chini yake. Imetoka nje ya nyumba, inaning'inia, na kinachoishika ni nyumba yenyewe kwa upande mmoja tu. Sakafu ya kawaida ya ghorofa, iliyolala juu ya kuta pande zote, nondo zake za kazi, yaani vyuma vinavyobeba uzito, hukaa chini ndani ya zege. Roshani ni kinyume. Nondo zake lazima zikae juu, karibu na pale miguu inapokanyaga, kisha zirudi ndani ya nyumba zikashike huko. Zikilala chini, ni kama hukuweka kitu. Na ukishamwaga zege ukalisawazisha, hakuna jicho la mtu linaloweza kuona zimelala wapi.

Basi ikafika siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Mnazijua siku hizo. Mashine ya kuchanganyia zege inanguruma tangu saa moja, akina mama wamejipanga na ndoo kichwani, wanaume wana makoleo, na kwa nyuma masufuria ya wali yameshainjikwa. Kazi ya siku hiyo haina kupumzika. Zege la slabu likianza kumwagwa halikatishwi mpaka lifike ukingoni. Majirani wanakuja kutazama. Muuguzi alikuwapo, amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani, na amewaalika dada zake wawili kutoka kijijini ili wamwone fundi wake.

Asubuhi hiyo, kabla ndoo ya kwanza haijapanda, fundi nondo alimfuata Mkuu. Fundi nondo ni yule anayekata vyuma, anavikunja na kuvifunga kwa waya. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache. Akashauri kwamba pale kwenye roshani watandike mbao za kupitia, ili wabeba ndoo wasikanyage nondo za juu zikazama. Mkuu akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria. Akamwambia kwamba yeye alikuwa anamwaga slabu wakati fundi nondo bado anachunga mbuzi, na siku atakapohitaji mwalimu atamtafuta shuleni. Akina mama wa ndoo wakacheka. Dada za muuguzi nao wakacheka, wakaona kweli huyu ndiye fundi. Mbao hazikutandikwa.

Saa nne zege likafika kwenye roshani. Wabeba ndoo wakapita, wakamwaga, wakarudi, wakapita tena. Vile vyuma vidogo vilivyokunjwa ili kuzibeba nondo za juu vikalala kimoja baada ya kingine, na nondo zikashuka taratibu mpaka zikagusa mbao za chini, zile zinazolibeba zege bichi. Fundi nondo akaona. Akamsogelea Mkuu, na safari hii alinong'ona, maana hakutaka kumwaibisha kama yeye alivyoaibishwa.

"Mkuu, nondo za roshani zimelala chini. Tusimamishe ndoo upande huu, tuzichimbue tuziinue. Zege bado bichi."

Mkuu akatazama. Aliona vizuri, wala msifikiri hakuona. Halafu akainua macho akawaona dada wawili wa muuguzi wamesimama kivulini wanamtazama yeye.

"Endelea kumwaga," akasema. "Watu wanatutazama."

Nawauliza, wapendwa. Kazi ile ya kuchimbua na kuinua ingechukua muda gani? Nimeuliza mafundi wawili wa humu kanisani kabla sijaja kusimama hapa. Wameniambia saa moja, pengine na nusu, kwa makoleo na ndoano. Zege bichi ni laini, linachoteka, linakusikiliza. Sasa kitu gani kilimshinda mtu hodari kama yule? Hakukosa ujuzi wala vifaa. Kilichomshinda ni kwamba ili awaambie watu simameni, ilibidi kwanza awe amekubali mbele yao kwamba mtu aliyechekwa asubuhi alikuwa sahihi. Lile cheko la saa mbili ndilo lililozilaza nondo za roshani ya muuguzi.

Na fundi nondo? Naye alinyamaza. Alikula wali wake, akanawa, akaenda zake. Alijiambia kwamba ameshasema, na mwenye kazi ameshasikia. Wapo wengi humu ndani wanaodhani kwamba kwa sababu walinong'ona mara moja, basi mikono yao ni safi. Naliacha hilo, kila mtu ataondoka nalo.

Zege likakauka. Ndipo ilipoanza aibu, na aibu yenyewe haikuja kwa kishindo. Ilikuja kwa asante.

Sakafu zote za ndani zilipotimiza siku zake, mirunda, yaani yale magogo ya kushikilia zege, ikaondolewa. Ya roshani Mkuu akaiacha. Muuguzi akiuliza, anaambiwa hewa ya mlimani ni ya baridi, zege halijakomaa. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Hatimaye fundi rangi akaja, akataka nafasi, ikabidi mirunda itoke. Siku hiyo Mkuu aliwatuma wasaidizi wote dukani, akaiondoa mwenyewe, gogo moja moja, akiwa amerudi nyuma kadiri mkono ulivyofika. Roshani haikuanguka. Ilisimama. Zege tupu linaweza kujibeba lenyewe kwa muda, likiwa halina mtu juu yake.

Mnadhani alifurahi? Alikaa juu ya ndoo. Kwa sababu kama ingeanguka siku ile, ingeanguka bila mtu. Sasa ilikuwa inangoja watu.

Akaanza kumzuia mama wa watu asiende kwenye roshani yake mwenyewe. Mara ya kwanza akamwambia upepo wa huko juu utamdhuru kifua. Mama akacheka, akamwambia kwamba yeye ndiye muuguzi. Mara ya pili akaja na mlango wa chuma, amechomelea nondo nene na komeo, akaufunga kwenye mlango wa kutokea roshani. Akasema ni kwa ajili ya wezi, siku hizi wanapanda kama paka. Kufuli akaliweka yeye na ufunguo akaondoka nao, ati kufuli lile bado linahitaji kurekebishwa.

Sasa sikilizeni mama alivyofanya. Alisimama kanisani, wakati wa shukrani, akasema Mungu amempa fundi anayemjali kuliko watoto wake wa kuzaa, fundi aliyekumbuka hata wezi ambao yeye hakuwakumbuka. Kanisa zima likageuka kumtazama Mkuu. Na jioni ile mama akampelekea trei ya mayai ya kienyeji. Mkuu akayapokea kwa mikono miwili, akasema asante mama, akayaweka mezani. Mke wake akayapika. Yeye hakuyala, na hakumwambia mke wake kwa nini.

Hivyo kwa miaka miwili. Kila siku ya ibada mama anamshika mkono mlangoni na kumwuliza kufuli limefikia wapi, na yeye anajibu bado kidogo. Alianza kuchelewa ibada ili asikutane naye. Halafu akaanza kukaa nyuma. Halafu akaanza kutokuja. Watu wakasema Mkuu amepoa kiroho, tumwombee. Wakamwombea kweli, wakataja jina lake, wakaomba apewe kazi nyingi zaidi.

Mwaka wa tatu mjukuu wa muuguzi akachumbiwa. Mama akatangaza kwamba sherehe ya kumuaga itafanyika nyumbani kwake, na kwamba bibi harusi atakapoingia getini, kwaya itakuwa juu kwenye roshani, itamwimbia kutoka juu. Alikuwa ameshapanga yote. Kwaya nzima, watu ishirini na nane, na sare zao mpya.

Mkuu alipata habari siku sita kabla. Siku sita, wapendwa. Siku ya kwanza alimpelekea mama ujumbe kwamba sauti itasikika vizuri zaidi kwaya ikikaa bustanini. Mama akajibu asante mwanangu, lakini nataka juu. Siku ya tatu alituma ujumbe kwamba ufunguo umepotea. Mama akajibu usihangaike, nitamwita mtu wa kukata kufuli. Siku ya tano Mkuu akaenda mpaka getini kwake, akaliona turubai limeshafungwa na viti vimeshapangwa, akageuka akarudi. Nawaambia kwa aibu kwamba mtu yule alikuwa tayari kutumia maneno yote yaliyomo katika lugha yetu, isipokuwa maneno mawili tu: nilikosea mimi.

Siku ya sherehe alikwenda. Amealikwa, atakataaje? Akawekwa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, kwa sababu alitakiwa kutambulishwa. Saa nane mchana gari la bibi harusi likasikika likipiga honi barabarani. Kwaya ikainuka, ikaingia ndani, ikaanza kupanda ngazi. Fundi aliyekata kufuli alikuwa ameshamaliza kazi yake, mlango wa chuma uko wazi.

Mkuu akainuka. Alipita katikati ya watu, akaipita kwaya kwenye ngazi akiwasukuma kwa bega, suti yake ikachanika kwapani. Akafika juu kabla yao, akajiweka mlangoni, mgongo wake kwenye roshani na uso wake kwa watu.

"Msipite," akasema. "Roshani hii haina nguvu. Nilijua."

Mwalimu wa kwaya akacheka, akidhani ni vituko vya sherehe. Mkuu akarudia. Hapo waliokuwa juu wakaambiana, na maneno yake yakashuka ngazi mpaka chini. Na mama akapanda. Alikuwa na magoti mabovu, alipanda ngazi moja moja ameshika ukuta, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafika, akasimama mbele ya fundi wake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu saa nne ya siku ya zege, mama. Niliambiwa na nikaona kwa macho."

"Na mlango wa chuma?"

"Haukuwa wa wezi."

Mama hakupiga kelele. Alikaa pale pale kwenye ngazi, na nguo yake ya sherehe, akashika kichwa. Miaka miwili alikuwa akimtolea mtu huyu shukrani mbele za Mungu. Ilibidi kwaya imwimbie bibi harusi kutoka uani, karibu na masufuria, na iliimba vibaya. Mkuu alishuka. Hakuna aliyempa sahani ya chakula na hakuna aliyemfukuza. Aliondoka kwa miguu, kwapa limechanika, na wale waliokuwa wakimwita Mkuu walikuwa wanatazama simu zao.

Kesho yake asubuhi watu wa mtaa ule waliona kitu. Fundi amekuja na nyundo kubwa. Amesimamisha kwanza magogo chini ya roshani, halafu amepanda na anaivunja, mchana kweupe, upande wa barabarani. Fundi nondo naye alikuja, hakuitwa na mtu, akaanza kuokota mabonge. Zege lilipofunguka, nondo zikaonekana. Zimelala chini kabisa, safi, hazina hata kutu, na zimepangwa vizuri kwa mstari. Wapita njia walisimama kutazama. Kila aliyetaka kuona aliona, na fundi hakuwaficha.

Siku ya tatu alipomaliza, alikusanya vyombo vyake. Akamfuata mama jikoni, akasimama nje ya mlango, akamwambia kwamba amemtafutia fundi mwingine, mtu mwema, hodari, ataijenga upya kama inavyotakiwa. Yeye hawezi tena kuinua uso katika nyumba hii.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Sijakusamehe bado," akasema, "na sijui itanichukua muda gani. Lakini huyo fundi mwingine simjui anaficha nini. Wewe nimeshakujua. Kaijenge."

Wapendwa, naomba tukae na neno hilo kidogo.

Sisi tunadhani siku tutakapojulikana ndiyo siku tutakayotupwa. Ndiyo maana tunachomelea milango ya chuma. Tunakuwa wema kupita kiasi kwa watu tuliowakosea, tunawapelekea salamu, tunawakumbusha kufunga madirisha, na wao wanatushukuru, na kila asante inatuchoma. Halafu tunaanza kukaa viti vya nyuma. Tunasema tumepoa, tumechoka, tuombeeni. Ndugu yangu unayekaa nyuma, mimi sikuulizi kwa nini siku hizi unakaa huko. Nakuuliza, ni saa ngapi uliambiwa zimelala, ukasema endelea kumwaga?

Ninyi mlio wazazi, mliompiga mtoto kwa kosa ambalo baadaye mligundua si lake, mkamnunulia viatu badala ya kumwambia nimekukosea. Ninyi wazee wa kanisa, mlioona jambo kwenye kikao mkanong'ona mara moja, mkala chakula mkaondoka. Sisi sote. Lilipokuwa bichi lingetaka saa moja na koleo. Sasa linataka nyundo, na litavunjwa upande wa barabarani.

Na Mungu anafanya nini nasi? Hasemi haikuwa kitu. Anatutazama, na mchele uko mkononi mwake, na anasema nimeshakujua, kaijenge. Mimi sijaona rehema nzito kuliko hiyo. Inamwacha mtu na aibu yake na inampa kazi.

Hapa ndipo nilipokuwa nimepanga kumaliza. Nimeandika na sala ya kufungia, iko hapa kwenye karatasi. Lakini siwezi kuisoma.

Mwezi uliopita tulimzika baba mmoja wa kanisa hili. Aliumwa miezi minne. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitakwenda kumwona, na sikwenda hata mara moja. Alipofariki, niliona aibu kuingia katika nyumba ambayo sikuikanyaga alipokuwa hai. Nikamtuma mwinjilisti akaongoze mazishi, na nikawatangazia ninyi kwamba nimepatwa na homa. Mliniombea papa hapa. Mkaniletea machungwa nyumbani, kapu zima, na mjane mwenyewe, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, alituma mtu kuniuliza hali yangu.

Sikuwa na homa.

Mama, umekaa pale kiti cha tatu na unanisikia. Sikuombi kitu leo. Nilijua mumeo anaumwa, na nyumba yenu nilikuwa naijua.